Kutoka Vipeperushi vya Mulago hadi Roboti: Historia Fupi ya Utabibu wa Mbali katika Upasuaji

Utangulizi

Msomaji wa jarida hili huenda akajiuliza makala kuhusu upasuaji yametafuta nini katika kurasa za walimu na wanafunzi wa Kiswahili. Swali hilo ni la haki, na jibu lake litatolewa kwa hatua. Kwa sasa itoshe kusema kwamba upasuaji ni kazi ya mikono kuliko matawi mengine mengi ya udaktari. Mpasuaji hupapasa, hubinya, hukata na hushona. Mgonjwa akiwa Kasese na mpasuaji akiwa Kampala, mikono hiyo haifiki. Kinachofika ni picha na maneno. Basi historia ya utabibu wa mbali katika upasuaji ni historia ya watu waliojaribu kuifanya picha na maneno vifanye kazi ya mikono, na maneno ndiyo mali yetu sisi.

Haja yenyewe si ndogo. Mwaka 2015 Tume ya jarida la Lancet kuhusu upasuaji duniani ilikadiria kwamba watu bilioni 5 hawawezi kupata huduma ya upasuaji iliyo salama, ya gharama wanayoimudu na kwa wakati ufaao. Tume hiyo ilisema pia kwamba katika nchi za kipato cha chini na cha kati kunahitajika operesheni milioni 143 zaidi kila mwaka. Wapasuaji wa kuzifanya hawapatikani kwa siku moja, kwani kumfunza mmoja huchukua miaka mingi. Ndiyo maana watafiti wameendelea kuuliza: je, ujuzi wa mpasuaji mmoja unaweza kusafiri yeye mwenyewe akiwa amebaki alipo?

Makala haya yanaifuata historia hiyo tangu mwanzo wa karne ya ishirini hadi mwaka 2025, kisha yanarejea kwenye suala la lugha.

Mwanzo: waya, barua na redio ya upepo

Wanahistoria wengi wa taaluma hii huanzia Leiden, Uholanzi. Huko Willem Einthoven, aliyebuni kipimo cha umeme wa moyo, alitumia waya za simu mwaka 1905 kupeleka mapigo ya moyo ya wagonjwa kutoka hospitalini hadi maabara yake, umbali wa takriban kilomita moja na nusu. Ilikuwa mashine kubwa isiyohamishika, kwa hiyo alichofanya ni kumwacha mgonjwa alipo na kuusafirisha mpigo wa moyo wake.

Sisi wa Uganda tuna mahali petu pa kuanzia, ingawa vitabu vya utabibu wa mbali hapavitaji sana. Mwaka 1957 Denis Burkitt, mpasuaji katika Hospitali ya Mulago, aliitwa kumtazama mtoto aliyekuwa na uvimbe katika taya zake. Muda mfupi baadaye alimwona mtoto mwingine wa aina hiyo Jinja. Alichapisha maelezo ya ugonjwa huo mwaka 1958, lakini swali lililomsumbua lilikuwa la jiografia: ugonjwa huu unapatikana wapi na wapi haupatikani? Hakuwa na simu ya kupeleka picha wala mtandao. Alikuwa na ruzuku ya pauni 25. Kwa fedha hizo alichapisha vipeperushi vyenye picha za wagonjwa, akavituma kwa posta katika hospitali za serikali na za misheni barani Afrika, akiwauliza madaktari kama wamewahi kuuona uvimbe wa namna hiyo.

Majibu yalirudi, na Burkitt akayaweka kwenye ramani. Mwaka 1961 yeye pamoja na madaktari wenzake wawili, Ted Williams na Cliff Nelson, walisafiri kwa gari takriban maili 10,000 katika muda wa wiki 10, wakizitembelea hospitali kutoka Uganda hadi kusini mwa Afrika ili kuipima mipaka ya ugonjwa huo. Safari ilionyesha kwamba uvimbe ule ulifuata joto na mvua, na ulitoweka katika nyanda za juu. Mwaka huohuo Burkitt alitoa mhadhara London, na miongoni mwa waliomsikiliza alikuwemo Anthony Epstein. Vipande vya uvimbe vilianza kusafirishwa kwa ndege kutoka Kampala hadi London, na mwaka 1964 Epstein na wenzake, Bert Achong na Yvonne Barr, walitangaza kugundua kirusi ambacho leo kinaitwa kwa majina ya Epstein na Barr.

Inafaa tusimame hapa kidogo. Kipeperushi cha Burkitt kilikuwa na sehemu mbili: picha na swali. Picha ilimwonyesha daktari wa mbali kitu cha kutafuta, na swali lilimwambia ajibu nini. Swali lingekuwa na utata, ramani ingekuwa na makosa. Tutaiona sura hiyo tena na tena katika kurasa zinazofuata.

Mwaka uleule wa 1957, jirani zetu wa Kenya walishuhudia kuanzishwa kwa shirika ambalo baadaye lilijulikana kama AMREF. Waasisi wake walikuwa wapasuaji watatu: Michael Wood, Archibald McIndoe na Tom Rees. Wazo lao lilikuwa kuwapeleka wapasuaji kwa ndege hadi hospitali za mbali. Lakini ndege haiwezi kuwa kila mahali, kwa hiyo shirika lilijenga pia mtandao wa redio ya upepo uliounganisha hospitali na zahanati nyingi na Nairobi. Muuguzi wa kituo cha mbali aliweza kumweleza daktari hali ya majeruhi, na daktari akaamua kama ndege iruke au kama mgonjwa atibiwe palepale kwa maelekezo. Uamuzi huo ulitegemea sauti yenye mikwaruzo na uwezo wa muuguzi wa kueleza. Hapakuwa hata na picha.

Setilaiti na chumba cha upasuaji

Wakati Afrika Mashariki ikitumia redio, Marekani ilikuwa imegeukia televisheni. Mwezi Aprili 1965 setilaiti ya Early Bird ilirushwa angani, na mwezi Mei mwaka huohuo Michael DeBakey wa Houston alifanya operesheni ya vali ya moyo iliyotazamwa moja kwa moja na madaktari waliokuwa Geneva, Uswisi. Mwaka 1968 Kenneth Bird aliiunganisha hospitali kuu ya Massachusetts na kituo cha tiba katika uwanja wa ndege wa Logan, Boston, kwa televisheni inayoonyesha pande zote mbili. Majaribio haya yalithibitisha kwamba daktari anaweza kuona akiwa mbali. Hata hivyo, yalikuwa ya gharama kubwa, na mengi yalikoma ufadhili ulipokwisha. Huo nao ni mwelekeo ambao umejirudia mara nyingi katika historia ya taaluma hii.

Kwa upande wetu, hatua kubwa ililetwa na teknolojia ya bei nafuu zaidi. Shirika la SatelLife, lililoasisiwa na daktari wa moyo Bernard Lown, lilianzisha mtandao ulioitwa HealthNet, ambao mwanzoni ulitumia setilaiti ndogo inayoizunguka dunia kwa chini. Setilaiti ilipopita juu ya kituo, barua pepe zilizokuwa zikisubiri zilipanda, na zilizokuwa zimewasili zikashuka. Uganda, Kenya na Tanzania zilikuwa miongoni mwa nchi za mwanzo kunufaika. Katika miaka ya 1990 wapasuaji wa majeraha ya moto wa Uganda, Tanzania na Msumbiji waliutumia mtandao huo kushauriana kuhusu matibabu na mbinu za kurekebisha makovu. Tuzingatie kwamba hawa hawakuwa wakimwomba ushauri bingwa wa Ulaya. Walikuwa wakishauriana wao kwa wao, kwa maandishi matupu.

Mfumo wa namna hiyo uliendelezwa na Mfuko wa Swinfen wa Uingereza ulioanzishwa mwaka 1998. Vifaa vyake vilikuwa kamera ya dijitali, kiweko cha miguu mitatu na barua pepe. Kituo chake cha kwanza kilikuwa hospitali ya waliopooza huko Savar, Bangladesh, mwaka 1999. Daktari wa hospitali hiyo alipiga picha, akaandika historia ya mgonjwa, akatuma, na bingwa akajibu alipopata nafasi. Wataalamu huiita njia hii ya kuhifadhi na kupeleka. Haihitaji mtandao wenye kasi wala haiwalazimishi watu wawili wawe macho saa moja. Inachohitaji ni historia ya mgonjwa iliyoandikwa vizuri.

Operesheni ya Lindbergh na kisa cha milisekunde

Tarehe 7 Septemba 2001 jambo ambalo wengi waliliona kama hadithi lilitimia. Jacques Marescaux, akiwa New York pamoja na Michel Gagner, aliongoza mikono ya roboti iliyokuwa Strasbourg, Ufaransa, na kumtoa mgonjwa wa miaka 68 mfuko wa nyongo. Operesheni hiyo ilipewa jina la Lindbergh, kwa kumkumbuka rubani aliyevuka Atlantiki peke yake mwaka 1927.

Siri ya mafanikio yale haikuwa roboti peke yake, bali pia muda. Setilaiti za mawasiliano za kawaida hukaa takriban kilomita 36,000 juu ya ikweta. Mawimbi yakipanda na kushuka huwa yamesafiri zaidi ya kilomita 72,000, na kwa kasi ya mwanga hiyo ni takriban robo sekunde. Amri ya mkono ikienda na picha ikirudi, mpasuaji amechelewa kwa karibu nusu sekunde. Katika nusu sekunde kisu kinaweza kukata mshipa kabla ya macho kupata habari. Kwa hiyo timu ya Marescaux iliacha setilaiti na kutumia kebo ya nyuzi za kioo iliyopita chini ya bahari, na ucheleweshaji ukawa wastani wa milisekunde 155. Mkono na jicho la binadamu vinaweza kuzoea kiasi hicho.

Mwaka 2003 Mehran Anvari wa Hamilton, Kanada, alianza kuwafanyia upasuaji wagonjwa waliokuwa North Bay, umbali wa takriban kilomita 400. Wagonjwa walikuwa zaidi ya 20. Ilionekana kana kwamba mlango umefunguka. Lakini mwaka huohuo kampuni iliyotengeneza roboti ya ZEUS, ambayo ndiyo iliyotumika Strasbourg na North Bay, iliungana na mshindani wake, na utengenezaji wa roboti hiyo ukasitishwa. Kwa miaka kumi na mitano hivi upasuaji wa roboti kutoka mbali ulibaki zaidi katika makala za kitaaluma kuliko hospitalini.

Ulirejea kwa nguvu mwishoni mwa muongo uliofuata. Desemba 2018 Tejas Patel wa Gujarat, India, alizibua mishipa ya moyo ya wagonjwa waliokuwa umbali wa kilomita 32. Machi 2019 Ling Zhipei wa China, akiwa Hainan, alimwekea kifaa cha ubongo mgonjwa aliyekuwa Beijing, takriban kilomita 3,000, kwa kutumia mtandao wa simu wa kizazi cha tano. Na Juni 2025 Vipul Patel, akiwa Orlando, Marekani, alimfanyia upasuaji wa saratani ya tezi dume mgonjwa aliyekuwa Luanda, Angola.

Katika visa vyote hivi kuna watu ambao picha za magazeti huwaacha pembeni. Strasbourg kulikuwa na timu kamili kando ya kitanda, iliyo tayari kuendelea na operesheni endapo mawasiliano yangekatika. North Bay kulikuwa na mpasuaji wa palepale. Roboti haimpi mgonjwa dawa ya usingizi wala haimtulizi kabla hajalala. Aliye upande wa mgonjwa ndiye anayeshika dhamana, na mazungumzo yake na aliye mbali yanapaswa kueleweka bila kurudiwa.

Mwelekeo wa utafiti umebadilika

Tukiyatazama machapisho ya taaluma hii kwa ujumla, tunaweza kuona vipindi vitatu. Kipindi cha kwanza, hadi mwanzoni mwa miaka ya 2000, kilitawaliwa na swali: je, inawezekana? Makala nyingi zilieleza jaribio moja au mgonjwa mmoja. Kipindi cha pili kiliuliza: je, inafaa kama njia ya kawaida? Hapo ndipo watafiti walipoanza kulinganisha makundi ya wagonjwa, na kuchunguza mambo yasiyo na mvuto wa habari: mgonjwa kuonwa kwa simu kabla ya operesheni, mpasuaji chipukizi kuelekezwa na bingwa kwa video, na mshono kukaguliwa kwa picha baada ya mgonjwa kurudi nyumbani. Ugonjwa wa UVIKO-19 mwaka 2020 ulikisukuma kipindi hiki kwa kasi, kwa kuwa hospitali nyingi zililazimika kupunguza msongamano. Kipindi cha tatu, tuliomo sasa, kinauliza: nani ananufaika, nani anaachwa, picha ya mwili wa mgonjwa inahifadhiwa wapi, na kompyuta inaweza kuaminiwa kiasi gani kuisoma?

Sehemu kubwa ya machapisho hayo imetoka Marekani, Ulaya na, siku hizi, China. Lakini mfano mmoja muhimu uko karibu nasi. Katika wilaya ya Kirehe, mashariki mwa Rwanda, watafiti wa Rwanda na wenzao wa Marekani walianza mwaka 2017 kuwafuatilia wanawake waliojifungua kwa upasuaji. Mama wa kijijini akisharuhusiwa, kurudi hospitali kukaguliwa kidonda ni safari ya gharama na maumivu. Basi mhudumu wa afya ya jamii alimtembelea takriban siku ya kumi, akamwuliza maswali, akapiga picha ya mshono na kuituma. Baadaye kamera za kupima joto la ngozi zilijaribiwa, na kompyuta zikafunzwa kutambua kidonda kilichoambukizwa.

Jambo la kuvutia kwa wanalugha ni hili: mbali na picha, watafiti walichunguza pia ni maswali gani yanayobashiri maambukizi. Walianza na orodha ndefu, wakaichuja hadi maswali machache yanayohusu homa, maumivu na majimaji yaliyobadilika rangi yanayotoka kwenye kidonda. Ni sura ileile ya kipeperushi cha Burkitt, picha na swali, miaka 60 baadaye. Na swali hilo haliulizwi kwa lugha ya majarida ya kitabibu. Linaulizwa kwa lugha anayoielewa mama aliyekaa kwenye mkeka.

Lugha iko wapi?

Sasa tunaweza kulijibu swali la mwanzo. Kwanza kuna suala la istilahi. Tanzania watu wengi na hospitali kubwa husema tibamtandao, na wengine huandika telemedisini au tiba ya mbali. Tibamtandao ni neno zuri na limekwisha kuota mizizi. Lakini likichukuliwa kama jina la taaluma nzima, barua za Burkitt na redio ya upepo zinabaki nje, kwa sababu hazikuwa na mtandao wa kompyuta. Makala haya yametumia utabibu wa mbali kwa dhana pana, na yanapendekeza tibamtandao libaki kwa ile inayopitia intaneti. Wanafunzi wetu wanaoandika tasnifu za istilahi wana kazi hapa.

Suala la pili ni zito zaidi. Mgonjwa aliye mbele ya daktari akisema "mkono unaniuma," huunyoosha mkono huo. Kwa njia ya simu, mkono unaweza kuwa chochote kuanzia begani hadi kwenye ncha za vidole. Mguu nao ni kuanzia nyongani hadi wayo. Tumbo linaweza kuwa chakula, mimba, utumbo au kinena. Kiswahili si maskini: kina bega, kiwiko, kiganja, paja, goti, kifundo, kisigino, wayo, chembe ya moyo, kitovu, ubavu na kinena. Ni sisi tunaofundisha "viungo vya mwili" kwa wimbo wa kichwa, mabega, magoti, kisha tunaishia hapo.

Na maumivu je? Mswahili husema kidonda kinachoma, kinawasha, kinavuta au kinapwita. Tumbo linakata, linasokota au limejaa. Ubavu una kichomi. Tofauti hizi si mapambo. Tumbo linalosokota na kuachia, kisha likaanza tena, humpa daktari fikra tofauti na tumbo linalouma bila kupumzika. Kidonda kinachopwita siku ya kumi kinahitaji kutazamwa upesi kuliko kinachowasha. Mhudumu akiyatafsiri yote hayo kuwa "ana maumivu," ameyatupa mambo ambayo mpasuaji wa mbali aliyahitaji.

Hapa Uganda jambo hili lina uzito wake. Marekebisho ya Katiba ya mwaka 2005 yalikifanya Kiswahili lugha rasmi ya pili, na mwaka 2022 Baraza la Mawaziri liliridhia kiwe lugha rasmi ya Jumuiya nchini na kifundishwe shuleni. Muuguzi wa Uganda anaweza kumpokea mgonjwa kutoka Kongo Mashariki, au kumwita bingwa aliye Tanzania au Kenya. Kiswahili ndicho kinachoweza kuwaunganisha watatu hao, lakini si Kiswahili cha salamu na bei ya sokoni pekee.

Hitimisho

Historia tuliyoipitia inaonyesha kwamba vyombo vimebadilika mara nyingi: waya, posta, redio, setilaiti, kebo, simu ya mkononi na roboti. Vingi vilisifiwa, na vingine vikaachwa. Kilichodumu ni mtu mmoja aliye karibu na mgonjwa, anayeona na kueleza, na mwingine aliye mbali, anayesikia na kuamua. Makosa kati ya wawili hao hulipwa na mgonjwa.

Kwa walimu, tunapendekeza zoezi jepesi. Mwanafunzi mmoja akae akiwapa wenzake mgongo. Mwingine apewe picha ya mtu mwenye jeraha, amweleze kwa maneno tu: liko wapi, ukubwa wake, rangi yake, linatoa nini, linaumaje. Aliyegeuka achore anachosikia. Kisha michoro ilinganishwe na picha. Darasa litacheka, na hapana budi licheke. Baada ya kicheko waulizwe: kama mchoro huu ndio ungeamua ndege iruke au isiruke, mgonjwa angekuwa hali gani?